Maswali ya Wasomaji: Kumfundisha mtu mzima kusoma kwa msaada wa mtandao

Wasomaji wa Arusha na Moshi wametuandikia mara nyingi miezi hii kuhusu kisomo cha wakubwa: kina mama wa sokoni, wazee, na vijana waliofika sekondari huku kusoma kunawapiga chenga. Tumechagua maswali saba. Mengine tumeyafupisha.

Shikamooni. Najitolea kufundisha kina mama 14 hapa Pasua, Moshi, wenye umri wa miaka 35 hadi 60. Nilipakua vitabu vya hadithi mtandaoni nikavichapisha. Wiki ya pili wanne hawakurudi. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, hadithi za sungura nawasimulia wajukuu, sikuja kwa hayo." Ni wapi kuna vitabu vya bure vya watu wazima?

Marahaba, mwalimu. Mama huyo amekupa nusu ya jibu. Mtu mzima hakukosa akili wala maneno, alichokosa ni herufi. Ukimwekea mezani picha ya sungura aliyevaa kaptula, unamrudisha utotoni mbele ya wenzake, naye kesho atakuwa na mgonjwa wa kumuuguza. Jambo hili si geni kwetu. Mradi wa kisomo wa UNESCO uliofanyika Kanda ya Ziwa kuanzia 1968 hadi 1972 ulijenga masomo juu ya kazi za wanakisomo wenyewe: mkulima wa pamba alijifunza herufi kupitia pamba, wa migomba kupitia ndizi.

Anza na maghala haya matatu makubwa ya vitabu vya bure yenye Kiswahili. African Storybook (africanstorybook.org) ni la Afrika Kusini na hadithi zake zimepangwa kwa ngazi, kuanzia zenye neno moja au sentensi fupi kwa ukurasa hadi ndefu za kusomewa. StoryWeaver ni la shirika la Pratham Books la India. Bloom Library ni la SIL, shirika la kimataifa la lugha, na lina programu yake ya kutengenezea vitabu ambayo hufanya kazi kwenye kompyuta hata bila intaneti. Vitabu vingi humo viliandikwa kwa ajili ya watoto, hilo tulikubali tangu mwanzo. Lakini vina leseni huria, yaani unaruhusiwa kuvichapisha na mara nyingi hata kuvibadilisha, mradi umtaje mwandishi na mchoraji. Soma mstari wa leseni ukurasa wa mwisho: penye herufi NC usiuze nakala, na penye ND usibadilishe kitu.

Kwa hiyo usichague kwa ngazi peke yake. Tafuta maandishi yanayohusu shamba, maji, ugonjwa, mifugo, safari, biashara. Kisha nakili maneno bila picha za kitoto, uyachape upya kwa herufi kubwa. Hadithi ya kuku aliyepotea, ikibaki maneno matupu, ni habari ya kila boma, na hakuna mama atakayeona haya kuisoma.

Hata hivyo, kitabu bora kwa kundi lako hakipo mtandaoni. Kimo vinywani mwao. Muulize mmoja, "Mama, asubuhi ukifika Mbuyuni unaanza na nini?" Andika ubaoni anavyosema, sentensi nne au tano, kila moja isizidi maneno saba:

Nafika sokoni alfajiri.
Natandika turubai.
Napanga nyanya mafungu mafungu.
Fungu moja shilingi mia tano.
Zikibaki, narudi nazo Pasua.

Usimsahihishe Kiswahili chake siku hiyo, ni maneno yake na lazima ayatambue. Someni pamoja mara tatu ukipitisha kidole chini ya kila neno. Nakili kila sentensi kwenye ukanda wa manila, uzichanganye, wazipange upya. Halafu kata kanda hizo neno kwa neno.

Hatari ya njia hii ni kukariri. Mtu mzima ana kumbukumbu kali: baada ya mara mbili anatiririka kama msomaji kumbe macho yako dirishani. Mpime kwa kusoma kutoka mstari wa mwisho kwenda juu, au mwandikie sentensi ngeni kwa maneno yaleyale: "Napanga turubai. Natandika mafungu." Akisoma "Natandika turubai", bado anakariri, rudini kwenye kadi.

Ukichapa, tumia fonti iitwayo Andika. Inatolewa bure na SIL, na imechorwa mahsusi kwa wanaoanza kusoma. Sababu yake utaiona ukiandika neno Ilala kwa Arial: i kubwa na l ndogo zinasimama kama vijiti viwili vinavyofanana, na mwanakisomo anakuuliza kwa haki kabisa ni herufi gani hiyo. Andika inazitenganisha, na a yake ni ile ya duara tunayoiandika kwa mkono. Tumia ukubwa wa pointi 20 hadi 24.

Wale wanne wafuate nyumbani, na ukaribishe simulizi zao. Pia jitambulishe kwa afisa elimu ya watu wazima wa halmashauri yako, ili darasa lako liandikishwe na lisibaki kuwa siri yako peke yako.

Mama yangu ana miaka 58, tunakaa Sombetini. Herufi zote anazijua, lakini hawezi kuunganisha. Anasema "em, a, em, a", kisha ananiangalia. Nimempakulia programu za alfabeti tatu, hazijasaidia. Nifanyeje?

Programu hizo ndizo zinazomzuia, dada. Zinafundisha majina ya herufi. Jina la m ni "em", sauti yake ni midomo iliyofumbwa: mmm. Mtu akisema "em-a" hawezi kufika kwenye "ma", hata ajitahidi vipi. Kiswahili husomwa kwa silabi, na silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu. Achaneni na alfabeti kwa muda.

Chukua neno moja la maisha yake, tuseme soko. Ligawe: so-ko. Fungua kila upande: sa se si so su, ka ke ki ko ku. Ongeza irabu tano peke yake. Hizo ni kadi 15. Kata manila vipande vya sentimita 6 kwa 6, andika kwa marka peni nyeusi, nakala mbili za kila kadi, jumla 30. Nakala mbili ni lazima, la sivyo hataweza kujenga "sasa".

Sasa mwachie ajenge mwenyewe. Kwa kadi hizo tu zinatoka soko, kaka, sasa, sisi, kosa, kisu, kisa, kesi, suka, koo, saa, kiasi, kikosi, kasuku, sikia. Kuna hata sentensi kamili: Kaka asikia kisa. Atakapoijenga mwenyewe mezani na kuisoma, mwache aishangilie, usiharakishe kadi inayofuata.

Dakika 15 kila siku ni bora kuliko saa mbili za Jumamosi. Familia za silabi zinazofuata ziwe za m, t, l, n, b, p na w. Silabi zenye herufi mbili za konsonanti kama mb, nd, ny, ch na sh zisubiri, na ng' iwe ya mwisho kabisa. Kuna kikwazo kimoja kinachowashtua wengi: m isiyo na irabu, kama katika mtu, mke, mti. Atasoma "mutu". Mwambie hiyo m inasimama yenyewe kama silabi, apige makofi: m-tu, mawili.

Akisoma dhahabu kama "zahabu" au thelathini kama "selasini", mwache aendelee. Amesoma. Lafudhi si kosa la kusoma. Utalishughulikia jambo hilo siku ya kuandika, kwa sababu hapo ndipo litakapoonekana.

Familia sita zikishakaa, mpe sauti. Global Storybooks (globalstorybooks.net), inayotokana na hadithi za African Storybook, ina hadithi za Kiswahili zinazosomwa kwa sauti huku maandishi yako mbele yako. Asikilize mara moja, afuate kwa kidole mara ya pili, asome pamoja na sauti mara ya tatu, ya nne asome peke yake. Kama sauti inamkimbia, soma wewe ukurasa mmoja na umrekodie kwenye WhatsApp. Mwonyeshe pia ile namba ndogo pembeni ya ujumbe wa sauti inayobadilika kuwa 1.5x au 2x ikiguswa. Wengi huigusa bila kujua, halafu hudhani mwalimu siku hizi anasoma mbio.

Nafundisha kidato cha kwanza Ngaramtoni. Wanafunzi 9 kati ya 52 wanasoma kwa kubahatisha: wakiona "kilimo" wanasema "kilima". Kiingereza ndiyo kabisa. Mtandaoni nitapata nini cha umri wao?

Kwanza tenga matatizo mawili yanayofanana usoni. Mpe kila mmoja, peke yake na mbali na wenzake, kifungu cha Kiswahili cha maneno 100 hivi asome kwa dakika moja. Hesabu maneno sahihi. Anayekwama kwenye silabi kama nywe, mbwa na ng'o ana upungufu wa msingi, huyo arudi kwenye kadi za silabi. Anayesoma kila kitu kwa usahihi lakini maneno 30 tu kwa dakika anahitaji mazoezi ya kasi. Anayesoma haraka kwa makosa mengi ndiye mbahatishaji wako: anaangalia mwanzo wa neno na kukisia mwisho. Mpe jozi zinazotofautiana mwishoni tu: kilimo, kilima, kilimi, soma, somo. Atalazimika kufika mwisho wa neno.

Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (ol.tie.go.tz) ina vitabu vya kiada vya bure. Vya darasa la tatu na la nne vinafaa kwa kiwango chao, lakini usiwape na jalada lake. Kijana wa miaka 14 akionekana na kitabu cha darasa la tatu, kesho hataonekana. Chukua habari ya michezo kwenye tovuti ya BBC Swahili au DW Kiswahili, ifupishe iwe maneno 80 hadi 100 yenye sentensi fupi, uichape. Kifungu hichohicho kisomwe Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kwa jozi, mmoja akisoma na mwingine akishika saa. Kila mmoja achore grafu yake nyuma ya daftari. Mstari ukipanda kutoka 34 hadi 51 juu ya kifungu kilekile, kijana anaamini macho yake kuliko maneno yako.

Upande wa kuandika, wape imla ya sentensi tano kila wiki. Kosa utakaloliona zaidi ni kukata kitenzi: "nili mwambia", "ana kula", "tuta kwenda". Wanaandika wanavyosikia, na sikio halioni mipaka. Andika ni-li-mw-ambia kwenye vipande vinne vya karatasi, kisha vigundishe mbele yao kuwa kitu kimoja: nilimwambia. Kosa la pili ni h, inayodondoka katika "apa" na kuzuka katika "hasubuhi". Hilo halina kanuni ya mkato, ni kuona neno lilivyoandikwa mara nyingi.

Kiingereza kisubiri hadi Kiswahili kisomeke bila kukwama. Kiswahili a ni a popote. Kiingereza kina a ya cat, ya cake na ya car, na mtoto ambaye hajashika hata moja hawezi kubeba tatu. Akiwa tayari, tovuti ya LearnEnglish Teens ya British Council ina vifungu vya kusoma vyenye mazoezi, vilivyopangwa kuanzia ngazi ya A1, yaani ya wanaoanza. Anza hapo hata kama mtaala uko mbali zaidi.

Bando linaisha kabla sijamaliza kupakua. Nifanyeje? (Kiboroloni)

Usisome moja kwa moja mtandaoni, pakua PDF mara moja na uihifadhi. Zima kupakua kwenyewe kwa video kwenye WhatsApp. Ukiwatumia wanafunzi faili, litume kama nyaraka, si picha ya skrini, kwa kuwa WhatsApp hubana picha na herufi ndogo hufifia. Na usidharau karatasi: hadithi ya kurasa 16 inaingia kwenye karatasi nne za A4 zilizochapwa pande zote mbili na kukunjwa katikati. Mwambie kijana wa steshenari achague mtindo wa kijitabu na karatasi igeuzwe kwa upande mfupi. Akigeuza kwa upande mrefu, nusu ya kurasa zitatoka zimesimama kwa vichwa.

Kituo chetu Usa River kina kompyuta moja, intaneti ya shida, na wanafunzi wazima 20 wenye simu janja. Tumesikia kuna njia ya kutumia mtandao bila intaneti. Ni kweli?

Ni kweli, na inaitwa Kolibri, programu ya bure ya shirika la Learning Equality. Kompyuta yenu inakuwa maktaba, na simu zinaisoma kupitia waifai ya humo ndani. Intaneti inahitajika siku moja tu, ya kupakua.

Siku hiyo ipelekeni kompyuta mahali penye mtandao mzuri. Pakueni Kolibri, kisha fungueni sehemu ya chaneli na kuchagua African Storybook. Hapa ndipo watu huharibu: wanapakua chaneli nzima yenye lugha nyingi na kujaza diski. Fungueni orodha na kuweka alama kwenye Kiswahili peke yake.

Mkirudi kituoni, washeni rauta yoyote, hata isiyo na laini ya intaneti. Unganisheni kompyuta, kisha simu. Kwenye kivinjari cha simu andikeni anwani ya kompyuta, nukta mbili, na 8080, kwa mfano 192.168.1.5:8080. Anwani yenyewe Kolibri huionyesha kwenye sehemu ya kifaa (Device), ukurasa wa Info. Iandikeni kwa chaki ukutani.

Ikigoma, sababu huwa moja kati ya tatu. Simu imegundua kuwa waifai haina intaneti ikahamia kwenye data, basi zimeni data. Kompyuta imelala, basi izuieni kulala ikiwa kwenye umeme. Au ngome ya Windows, yaani ulinzi wa kompyuta (firewall), imezuia simu kuingia, basi iruhusuni Kolibri kwenye mtandao wa ndani. Jaribuni kwa simu mbili kabla ya kuwaita watu 20. Mtu mzima aliyefunga genge lake mapema ili aje darasani hapaswi kukaa saa nzima akitazama duara linalozunguka.

Babu yetu wa Marangu, miaka 66, anasema herufi "zinacheza". Je, umri umempita?

Haujampita. Yaelekea ni macho. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho hukakamaa na vitu vya karibu hufifia, hata kwa mtu anayeona mbuzi ng'ambo ya bonde. Mpe ukurasa mwangani, umwangalie: akiusogeza mbali na uso hadi mkono ukanyooka, ndilo hilo. Mpelekeni kliniki ya macho, hospitali ya KCMC ipo hapo Moshi, apimwe kwanza kabla ya kununua miwani ya barabarani, kwa kuwa mtoto wa jicho na presha ya jicho havitibiwi kwa miwani hiyo. Wakati mkisubiri, kuzeni maandishi kwenye mipangilio ya simu na msomeshe mchana, si kwa kibatari.

Nauza mboga Kilombero, Arusha. Mwanangu ananisomea barua hii na kuwaandikia. Nataka kitu kimoja tu: kusoma mwenyewe ujumbe wa pesa kwenye simu yangu. Nimewahi kutoa mzigo kwa ujumbe ambao haukuwa wa kweli.

Mama, pole sana, na hilo ni lengo tosha la kuanzia. Mwanao afuate hatua hizi.

Anakili kwa mkono, kwa herufi kubwa, ujumbe wa kweli uliowahi kuupokea. Asifundishe wote. Maneno manne yanatosha kwa wiki mbili za kwanza: Umepokea, Umetuma, kutoka, salio. Umepokea na Umetuma zinaanza sawa, kwa hiyo jicho lifundishwe kutazama katikati: po-ke-a, tu-ma. Azichanganye kadi mpaka usikosee mara kumi mfululizo.

Kisha tarakimu. Noti unazijua vizuri, basi weka noti ya elfu kumi kando ya 10,000, elfu tano kando ya 5,000. Zoea kuhesabu tarakimu zilizo baada ya mkato: ni tatu daima. 2,500 na 25,000 hutofautiana kabla ya mkato, na hapo ndipo mtu huumia.

Halafu tazama juu ya ujumbe, kwa mtumaji. Ujumbe wa kweli wa mtandao wa simu huja kwa jina la huduma, palepale zilipo jumbe zako za zamani za pesa. Wa tapeli mara nyingi huja kwa namba ya kawaida ya simu, hata kama maneno yamenakiliwa vizuri. Ukiwa na shaka, usibishane na mteja. Angalia salio lako mwenyewe kwa menyu ya simu. Pesa ikiwa imeingia, salio limepanda. Kama halijapanda, mboga zibaki mezani.

Namba ya siri usiiandike kwenye daftari la mazoezi, wala usimtajie anayekufundisha, hata kama ni mwanao. Ukishasoma Umepokea bila msaada, tuandikie tena, safari hii kwa mkono wako.